Mkangi au Shaaban Robert: nani kiboko?

Ubishi huu nimeukuta Kilosa, ukanifuata mpaka Mikumi: nani kiboko wa hadithi za ajabu zenye kuchekesha? Washkaji wa Kilosa wanamtaja Katama Mkangi, Mkenya aliyetoa Walenisi mwaka 1995. Humo Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha, anatua kwenye nchi ambako watu wote ni sawa. Kali hiyo, sikatai.

Lakini kura yangu naipa Shaaban Robert. Wengi mnamkimbia kwa sababu mlimsoma kwa ajili ya mtihani tu! Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi iliyo angani. Wajumbe sita wanatumwa pande zote. Wakirudi na mawazo mapya, zawadi yao ni jela. Na kumbuka, wakati huo Mwingereza bado anatutawala.

Halafu kuna Adili, anayewachapa manyani wawili kila usiku huku roho inamuuma, kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa. Ukiwaona nyani wa Mikumi kando ya lami, jaribu kutomkumbuka! Mshkaji mmoja pale njia panda kang'ang'ania Mkangi. Nimemwazima Adili na Nduguze, akimaliza, tunaendelea.