Mshairi Aliyetangaza Viatu vya Mpira

Kila mwaka tunapofundisha ushairi, swali hili huzuka darasani: je, tangazo la biashara lenye vina ni shairi? Wengi wetu hujibu upesi kwamba si shairi, somo likaendelea. Katika toleo hili tunamtazama mtu aliyelikataa jibu hilo.

Vladimir Mayakovsky alizaliwa mwaka 1893 huko Baghdati, Georgia. Baba yake alifariki mwaka 1906, familia ikahamia Moscow katika ufukara. Akiwa bado kijana alifungwa kwa sababu za kisiasa, na mwaka 1911 akaingia chuo cha sanaa.

Mwaka 1921 serikali ya Kisovieti iliruhusu tena biashara za watu binafsi, na maduka ya umma yakapata washindani. Kuanzia 1923 Mayakovsky alishirikiana na msanii Aleksandr Rodchenko: mmoja alitunga maneno, mwenzake akachora. Walitangaza biskuti, sigara, chuchu za mpira za watoto, hata viatu vya mpira vinavyovaliwa juu ya viatu vingine wakati wa matope.

Utunzi uliovuma zaidi ni wa Mosselprom, shirika la vyakula la Moscow, uliosema kwamba bidhaa hizo hazipatikani kwingine. Walimu wa arudhi watafurahi hapa. Neno *krome*, yaani "isipokuwa", limeangukia kati; mwishoni limekuja jina la shirika likiwa na kiambishi cha mahali, *Mosselprome*, mfano wa -ni yetu. Kina cha kati na kina cha mwisho! Tena mstari huo ulirudiwa katika tangazo baada ya tangazo, ukawa kibwagizo. Hata asiyejua kusoma aliweza kuushika kwa kuusikia tu.

Washairi wenzake walimzomea. Naye katika tawasifu yake akauhesabu mstari huo kuwa ushairi wa daraja la juu kabisa. Sisi tunakubaliana naye kuhusu mstari huo, ingawa baadhi ya matangazo yake mengine, kusema kweli, ni vina vitupu. Kazi ya kuitumikia dola kwa kalamu haikumwacha salama pia: katika shairi lake refu la mwisho alikiri kwamba alijinyima mengi aliyotamani kuyaimba. Alijiua kwa risasi tarehe 14 Aprili 1930, akiwa na umri wa miaka 36.

Jengo la Mosselprom lingalipo Moscow, na mstari ule, uliopakwa rangi upya, unasomeka ukutani.