Tovuti isiyofikiwa na walemavu ni hasara, tena hatari ya kesi

WAFANYABIASHARA wa mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, wanaouza bidhaa kupitia intaneti wanaweza kupoteza wateja, na hata kushtakiwa, iwapo tovuti zao haziwezi kutumiwa na watu wenye ulemavu.

Katika mitaa hiyo vichochoro vingi ni vyembamba, na mvua inyeshapo matope hutanda. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe, safari fupi ya dukani ni mtihani. Huyo ndiye angefaidika zaidi kwa kuagiza bidhaa kwa simu na kulipa kwa M-Pesa. Tovuti nayo ikimfungia nje, amefungiwa mara mbili.

Kipofu hutumia simu kwa msaada wa programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Simu nyingi za Android zina TalkBack, na za iPhone zina VoiceOver. Hata hivyo, mwenye duka akiweka picha ya bango lenye bei bila maelezo ya maandishi, mara nyingi kipofu husikia tu kwamba pana picha. Bei haijui.

Kisheria, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufikia mahali pote na habari kwa kiasi kinachofaa. Kifungu cha 27 kinamkataza mtu yeyote, wala si serikali pekee, kumbagua mwenzake kwa misingi ya ulemavu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 nayo ilikataza kumnyima mlemavu huduma zinazotolewa kwa umma. Sheria mpya ilichukua mahali pake mwaka 2025.

Aidha, mnamo 2022 Kenya ilipata kiwango rasmi, KS 2952, kinachoeleza jinsi bidhaa na huduma za teknolojia ya habari zinavyopaswa kutengenezwa ili walemavu wazitumie. Mlalamishi anaweza kukitaja kama kipimo cha yale ambayo mwenye tovuti alipaswa kufanya.

Nchini Marekani, kipofu Guillermo Robles aliishtaki kampuni ya Domino's Pizza mwaka 2016 baada ya kushindwa kuagiza chakula kupitia tovuti na programu yake ya simu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa ya kampuni hiyo, na kesi ikaruhusiwa kuendelea.

Marekebisho mengi hayahitaji gharama kubwa. Kila picha ya bidhaa iandikiwe maelezo mafupi, na bei iwekwe kwa maandishi. Kila nafasi ya kujaza jina au nambari ya simu iwe na lebo. Rangi ya maandishi itofautiane waziwazi na ya nyuma yake, nazo video ziwe na maandishi kwa ajili ya viziwi. Kila kitufe kiweze kubonyezwa kwa kibodi pasipo kipanya, kwa manufaa ya wenye ulemavu wa mikono.

Mwenye duka anaweza kuipima tovuti yake mwenyewe: awashe TalkBack, afumbe macho, kisha ajaribu kununua bidhaa yake mwenyewe hadi hatua ya kulipa. Pale atakapokwama ndipo mteja wake anapokwama.