Dada wa Pikipiki, Pesa Imeingia?

Mwaka wa 2017 Concilia Owire alikuwa kati ya wanawake walioendesha treni ya SGR ilipozinduliwa. Lakini hadi leo, mwanamke akiacha saluni akapanda pikipiki kupeleka mizigo, swali ni lile lile: "Utaiweza kweli?" Kuendesha kunafundishwa. Leseni ni ya A3, ukiwa umefika miaka 21.

Kinachomla mgeni wa kazi hii, kwa maoni yetu, ni malipo ya getini. Chukua Spring Valley. Anayelipa yuko ndani ya nyumba, au yuko kazini Westlands. Wewe uko nje na soja. Unaonyeshwa ujumbe kwa simu yake: "Si ameshatuma?" Usiachilie mzigo. Angalia salio lako mwenyewe, maana ujumbe feki mtu yeyote anaweza kuuandika, ila hauongezi salio. Soja akikuharakisha, mwache anune.

Na usipokelee kwa laini yako ya kawaida, pesa ya mwenye duka ikachanganyika na ya unga. Piga *334# ufungue Pochi la Biashara: hesabu inakaa kando, na mteja hawezi kurudisha malipo bila idhini yako. Jioni ukitoa ya mwenye duka na ya petroli, kilichobaki unakiona.