Saa ya Kwanza ya Kutapika

Wanafunzi wa bweni wakianza kutapika usiku huko Nyarugusu, Geita, au Mwakitolyo, Shinyanga, si ajabu kukipambazuka hukumu ikawa imeshatoka: zebaki ya wachimbaji, au sianidi ya mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Hofu hiyo ina msingi. Baadhi ya visima vya ukanda wa Geita vimekutwa na aseniki inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita. Lakini aseniki ya namna hiyo hudhuru polepole, kwa miaka, na sianidi nayo haingoji kesho. Kila sumu na kila kimelea kina mwendo wake, kwa hiyo kabla ya kuuliza walichokula, ulizeni wa kwanza alitapika saa ngapi.

Daktari Mmarekani Jonathan Kaplan na wenzake walilipanga jambo hili mwaka 1982 kwa vigezo vinne. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wawe wametapika. Tangu kuambukizwa hadi kuugua zipite, kwa wastani, saa 24 hadi 48. Ugonjwa wa kila mtu udumu, kwa wastani, saa 12 hadi 60. Na choo kisioneshe bakteria. Vikitimia vyote, shuku norovirusi, kirusi kilichopata jina kutokana na mji wa Norwalk, Ohio, ambako shule ya msingi ilikumbwa na kutapika mwaka 1968. Uzuri wake ni huu: vigezo vitatu vya kwanza havidai maabara. Vinadai matroni aliye macho, saa ya ukutani na daftari. Na jibu hubadilisha mtuhumiwa, maana mpishi aliyepona jana na kurudi jikoni leo bado anatoa virusi.

Kuna watakaosema makisio si ushahidi. Kweli, vigezo hivyo vilipopimwa upya mwaka 2006 vilikosa karibu theluthi ya milipuko ya norovirusi, ingawa ni nadra sana kuisingizia. Tena kushindwa kutimia nako ni habari. Katika shule ya wasichana ya Mukumu, Kakamega, mwaka 2023, kutapika na kuhara viliendelea kwa wiki kadhaa. Wanafunzi watatu na mwalimu mmoja wakafariki, na Wizara ya Afya ya Kenya ikataja E. koli na bakteria wa taifodi. Ugonjwa unaovuka saa 60 unadai maji yapimwe siku hiyohiyo. Je, usiku wa kwanza pale Mukumu nani alikuwa akiandika? Wakuu wa shule wa Geita na Shinyanga, ongezeni safu moja katika daftari la wagonjwa: saa alipoanza kutapika.