Kilembe: Sumu ya Shaba na Kumbukumbu ya Taifa

Mgodi wa shaba wa Kilembe, wilayani Kasese, ulianza uzalishaji mwaka 1956, na mwaka huo huo reli ikafika Kasese. Uchimbaji ulikoma mwaka 1982. Shaba ilikwenda, majengo, mahandaki na vilima vya mchanga wa machimbo vikabaki kandokando ya mto Nyamwamba. Kwa wananchi, kuanzia Maliba hadi Bwera, hiyo ni historia yao.

Hatari yenyewe ni hii. Mchanga huo una madini yenye salfa. Ukipata hewa na mvua, hutoa tindikali, nayo huyeyusha shaba na kobalti na kuzitia majini. Maji hayo hutumiwa na watu na mifugo, kisha huelekea ziwa George. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliharibu makazi na hospitali ya Kilembe, yakauchukua mchanga huo hadi mabondeni.

Je, dawa ni kubomoa kila kitu? Hasha! Kuchimbua vilima hivyo ovyo ni kuvifungulia hewa na maji upya. Yapasa kuviwekea kingo upande wa mto, kuvifunika kwa udongo na majani, na kuyapima maji mara kwa mara. Kazi hiyo hiyo ndiyo itakayohifadhi ukumbusho wa wachimbaji.

Basi askari aliyewekwa lindo mahali kama hapo ajue kwamba halindi magofu tu. Analinda maji ya vijiji na kumbukumbu ya taifa. Mgonjwa hutibiwa, hazikwi.