Mbwa Msikitini: Vita vya Pangani Vilivyoanza

Fahali hapigani mara moja. Hayo nimeyaona kwa macho yangu Malinya, huko Kakamega, asubuhi umande haujakauka. Isukuti zinarindima, vijana wanakimbia wakipuliza pembe, nao mafahali wakifika uwanjani husimama kwanza. Hukwaruza ardhi, hurusha udongo, hutazamana. Mzee mwenyeji wangu akaniambia nisitazame pembe, nitazame kwato. Atakayekanyaga pahali pa mwenziwe ndiye aliyeanza.

Kisha akanigeukia. Huku kwetu, akasema, Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895, wakafia katika ngome ya Chetambe. "Na ninyi Waswahili, Mzungu alipokuja mlifanya nini? Mlimkunjulia jamvi?"

Lilinichoma swali lile. Nikamwambia habari za Pangani, nami nawakumbusha wasomaji wangu, kwani vijana wetu wengi wanajua Abushiri alinyongwa Desemba 1889, lakini hawajui vita viliwashwa na nini.

Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za Mrima kwa miaka 50, kwa sharti itawale kwa jina lake. Agosti ikatia mguu. Pangani akapelekwa Emil von Zelewski, mtu wa kiburi ambaye watu walimbandika jina la Nyundo. Akataka bendera ya kampuni ipepee kwa liwali, Abdulgawi bin Abdallah. Liwali akakataa. Zelewski akateremsha askari wa manowari Carola, na siku zenyewe zilikuwa za Idi ya Kuchinja. Wakaivunja nyumba ya liwali, wakaukata mlingoti wa bendera ya Sultani, na katika kumsaka liwali wakaingia msikitini na viatu vyao, na mbwa.

Mbwa, msikitini, siku ya Idi! Sisi tuliosomea chuoni tulikula bakora kwa kukanyaga mkeka na miguu yenye vumbi tu. Msomaji hahitaji kuelezwa mji ulilalaje usiku ule.

Septemba haikuwa mbali. Watu wakamzingira Zelewski na wenziwe ndani ya nyumba yao, hata Sultani akalazimika kumtuma Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, kuwatoa na kuwavusha Unguja. Baada ya siku chache Mathews naye akafukuzwa.

Ni nani waliofanya hayo? Wajerumani waliandika "uasi wa Waarabu", wakaongeza kuwa ni wauza watumwa, na Januari 1889 bunge lao likatoa marki milioni 2 za kumpeleka Wissmann. Sikatai, wakubwa wengi walikuwa na watumwa, na Abushiri bin Salim al-Harthi mwenyewe alikuwa na shamba la miwa. Lakini waliotangulia kujaa njiani ni watu wa mji na wa bara yake, Waswahili, Wazigua, Wabondei, wengine hawana hata kikuta cha kuegemea. Abushiri alikuja kuushika usukani chombo kimekwisha tweka.

Mzee akaniuliza Zelewski ni jina la wapi. Nikamwambia lina asili ya Kipolandi. Ukoo wake ni wa Wakashubi, katika nchi iliyomezwa na Prussia Poland ilipogawanywa. Wapolandi nao waliondoka dhidi ya mgeni usiku wa tarehe 29 Novemba 1830, wanafunzi wa chuo cha kijeshi mjini Warsaw wakianzisha dhidi ya Urusi. Mtoto wa nchi iliyomezwa akaja kutumeza sisi! Mzee akacheka mpaka akashika fimbo.

"Na huyo Nyundo aliishia wapi?"

Lugalo, nikamwambia, katika nchi ya Wahehe, kwa mikuki ya watu wa Mkwawa, tarehe 17 Agosti 1891. Miaka mitatu tangu ile Idi.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mambo hayo tuliyaandika sisi wenyewe. Nikamtajia Hemedi bin Abdallah al-Buhry na utenzi wake wa vita vya Wadachi. Akataka kuusikia. Nikamsomea beti nilizozihifadhi, yeye akifuata vina kwa kichwa ingawa lugha ya zamani ilimpita, mpaka vijana wakapiga kelele tuondoke njiani, mafahali wengine wanaletwa.