HESABU: MAKUNDI MATATU YENYE KUINGILIANA



Wadogo wetu wa darasa za chini wanatuuliza kila mara juu ya lile zoezi la makundi matatu, lenye linasumbua watu ku mtihani. Sisi wafinalisti tunataka kulieleza kwa njia ya kosa letu wenyewe.

Tulikuwa na safari ya kutoka Butembo kwenda Beni, kilometa 54 hivi. Watu wa kwenda walikuwa wa kwaya, wa mpira na wa kikundi cha Biblia. Sisi viongozi wa wanafunzi tulipewa kazi ya kusema sahani ngapi za chakula ziagizwe. Orodha zilikuwa hivi:

Kwaya 30, mpira 24, Biblia 26.
Kwaya na mpira 8, kwaya na Biblia 10, mpira na Biblia 7.
Katika yote matatu: 4.

Kwanza tulijumlisha: 30 + 24 + 26 = 80. Mmoja wetu akasema: hapana, aliye ku kwaya na ku mpira hana matumbo mawili! Basi tukaondoa 8 na 10 na 7, ni kusema 25. Zikabaki 55. Tukafurahi, tukaagiza.

Kule Beni, saa ya kula, watu wanne wakabaki bila sahani. Ni nani? Ni wale wanne wa makundi yote matatu, sababu walikuwa wangali wanakusanya mipira na vitabu vya kwaya wakati wengine wanakula. Tulipata haya sana.

Kosa lilikuwa wapi? Katika 80, kila mmoja wa wale wanne alihesabiwa mara tatu. Katika 25, aliondolewa mara tatu. Tatu kutoa tatu ni sifuri: kwetu hakuwako tena! Kwa hiyo ni lazima kuwarudisha: 80 – 25 + 4 = 59.

Sasa namna ya kuchora. Chora mizunguko mitatu yenye kukatana. ANZA KATIKATI, usianze pembeni. Andika 4. Halafu kwaya na mpira: 8 – 4 = 4. Kwaya na Biblia: 10 – 4 = 6. Mpira na Biblia: 7 – 4 = 3. Mwisho wale wa kundi moja tu: kwaya 30 – 4 – 6 – 4 = 16; mpira 24 – 4 – 3 – 4 = 13; Biblia 26 – 6 – 3 – 4 = 13. Jumlisha vipande vyote saba: utapata tena 59. Kama hazipatani, rudi nyuma.

Angalia neno TU. «Wanane wako ku kwaya na ku mpira»: wale wanne wamo ndani. «Wanane wako ku kwaya na ku mpira tu»: hawamo, basi usiondoe kitu. Wengi wanaanguka hapo.

Picha hizo zinaitwa kwa jina la John Venn, Mwingereza (1834–1923), aliyezieleza mwaka 1880. Naye alikuwa amewekewa mikono ya uchungaji.

Mtu asiseme ni mchezo wa ubao tu. Ebola ilitangazwa kwetu Kivu ya Kaskazini tarehe 1/8/2018 na ikaisha tarehe 25/6/2020, imeua watu zaidi ya 2 200. Chanjo ilitolewa kwanza kwa waliomgusa mgonjwa, kwa waliokutana na hao, na kwa watumishi wa afya. Hayo ni makundi matatu. Muuguzi mmoja aliweza kuwa katika yote, lakini mkono wake ulihitaji sindano moja. Ukijumlisha orodha ovyo, dawa inahesabiwa kupita watu; ukiondoa ovyo, anayesahauliwa ni yule aliye karibu zaidi na hatari.

Jaribuni hii. Wanafunzi 50: Kinande 35, Kiswahili 40, Lingala 15. Kinande na Kiswahili 27, Kiswahili na Lingala 12, Kinande na Lingala 9, zote tatu 8. Wangapi wanajua Kiswahili tu? Jibu ni 9. Asiyelipata ajiulize kama alianza katikati.

Wafinalisti, kwa mkono wa kiongozi wa wanafunzi